Kilomita na bei ya gari la spoti: namna ya kukadiria utakachouzia kabla hujanunua

Maswali ni yale yale. Mtu yuko Birmingham au Houston, ameweka akiba ya miaka, ameona Porsche 911 yenye maili 92,000 na nyingine yenye 31,000. Tofauti ya bei imemtisha, anauliza: "Hizi maili zitanila kiasi gani nikija kuuza?" Mwingine yuko Nairobi na Impreza yake ya miaka ya tisini, anataka kujua kama akiifungia gereji itapanda bei. Nimeziandika hatua zote hapa ili jibu liwe moja.

Shika hili tangu mwanzo: namba iliyo kwenye dashibodi ni madai ya muuzaji tu. Mnunuzi anayejua analipia ushahidi unaoisimamia namba hiyo. Gari la kilomita 90,000 lenye risiti za kila sevisi mara nyingi huuzika haraka kuliko la kilomita 45,000 lisilo na karatasi hata moja.

Ninazungumzia magari yanayonunuliwa kwa mapenzi na kwa kutunza thamani: Porsche 911, Ferrari, Supra, Skyline GT-R, Impreza za STI. Gari la kuendea kazini lina hesabu zake nyingine.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Namba kamili ya chesisi. Picha yenye tarakimu zilizofichwa haikusaidii kitu.
- Picha ya dashibodi injini ikiwa inawaka, odometa (mita ya kilomita au maili) ikisomeka na taa za onyo zikionekana.
- Kitabu cha sevisi na risiti, kila ukurasa, hata zile zilizochafuka oili.
- Bei zilizolipwa kweli, si zinazoombwa. Bring a Trailer na Collecting Cars, za mtandaoni, huacha matokeo ya minada yao wazi. RM Sotheby's, Bonhams na Gooding nao hutangaza yao.
- Pesa ya kumlipa fundi anayeijua modeli hiyo hasa. Fundi mzuri wa Toyota si lazima awe mzuri wa Ferrari.
- Daftari, au jedwali kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Jua gari lako liko kundi gani

Wengi huruka hatua hii, kisha hesabu zote zinazofuata zinakwenda kombo. Kilomita hazishushi bei kwa namna moja kwenye magari yote.

Kundi la kwanza ni magari ambayo bei yake ni historia. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na mwaka 2018 moja iliuzwa na RM Sotheby's kwa dola milioni 48.4. Hakuna aliyepandisha dau kwa sababu ya odometa. Waliuliza ilishindana wapi, nani aliiendesha, na injini yake ni ile ya asili au la. Hali ni hiyo hiyo kwa gari la timu ya kiwanda lililopita Safari Rally. Ukiletewa Impreza iliyoshiriki mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda, au 2000 Richard Burns aliposhinda, uliza chesisi ilikimbia mashindano gani. Kilomita achana nazo.

Kundi la pili ni magari ya kisasa yaliyotengenezwa machache: McLaren F1, Ferrari F40, Porsche Carrera GT na ndugu zao. Hapa kilomita huuma kweli, na huuma zaidi mwanzoni. McLaren F1 zilitengenezwa 106 kwa jumla. Mwaka 2017 Bonhams waliuza moja yenye maili zipatazo 9,600 kwa dola milioni 15.62. Mwaka 2021 nyingine, iliyotembea chini ya kilomita 400, iliuzwa na Gooding huko Pebble Beach kwa dola milioni 20.465. Usikimbilie kusema tofauti yote ni kilomita, maana miaka minne ya soko imepita katikati. Lakini mnunuzi wa hiyo ya pili alijua analipia gari lililokaribia kuwa jipya.

Halafu kuna gari la kuvuruga kanuni. Mwigizaji Rowan Atkinson alinunua McLaren F1 yake mwaka 1997, akaitumia hata kwa safari za kawaida, akaigonga mara mbili, ikafika maili 41,000 hivi, na mwaka 2015 ikauzwa kwa pauni milioni 8. Jina la mwenyewe lilisaidia. Kilichosaidia zaidi ni kwamba kila mtu alijua gari lilifanyiwa nini, na lini.

Kundi la tatu ndilo lenye sisi wengi: Porsche 996 na 997 (vizazi viwili vya 911), Ferrari 360, Honda S2000, Supra, Impreza. Yalitengenezwa kwa maelfu, kwa hiyo mnunuzi ana pa kuchagua, na kilomita ni moja ya vitu vya kwanza anavyochujia. Hatua zinazofuata nimeziandika hasa kwa kundi hili.

*Angalizo:* usichukue bei ya kundi la pili ukaibandika kwenye la tatu. Kwamba Supra ya turbo yenye gia za mkono na maili chache ilivunja rekodi mnadani hakumaanishi Supra yako isiyo na turbo, yenye gia otomatiki, imepanda nayo.

Hatua ya 2: Weka namba zote kwenye kipimo kimoja

Maili 1 ni kilomita 1.609. Chagua kimoja ubaki nacho, na kwenye jedwali andika kipimo pembeni ya kila namba.

Ni jambo dogo linaloangusha watu wazima. Magari mengi yaliyotoka Japani kwenda Uingereza hubadilishwa spidomita ili isome maili. Nyingine hubadilishwa sura tu na odometa ikaendelea kuhesabu kilomita. Basi rekodi za ukaguzi zinaonyesha 88,000 mwaka huu na 56,000 mwaka unaofuata, mtu anapiga kelele kwamba mita imerudishwa, kumbe mkaguzi mmoja aliandika kilomita na mwingine maili. Kabla ya kumshitaki mtu, zidisha kwa 1.609 uone kama namba zinakutana.

Ukimaliza, gawanya jumla kwa umri wa gari. Kilomita 3,000 hadi 8,000 kwa mwaka ni kawaida kwa gari la spoti la pili nyumbani. Ukiona chini ya 500, andika alama kubwa pembeni. Tutarudi hapo kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 3: Tafuta namba hiyo mahali ambapo muuzaji hana mkono

*Uingereza.* Ingiza namba ya usajili kwenye ukurasa wa serikali wa historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa kila mwaka. Ni bure, na kwa England, Scotland na Wales rekodi zinarudi hadi 2005. Kila ukaguzi una odometa yake. Soma pia maelezo ya mkaguzi: tairi zilizoisha na breki zilizolika hueleza matumizi kuliko tangazo. Gari jipya haliendi MOT miaka mitatu ya kwanza, na lililopita miaka 40 kwa kawaida limesamehewa, kwa hiyo mapengo hayo si kosa.

*Marekani.* Chukua ripoti ya Carfax, kampuni inayouza historia za magari, kwa namba ya chesisi, kisha omba picha ya hati ya umiliki yenyewe. Sheria ya shirikisho ya 1972 inamtaka muuzaji aandike odometa wakati wa kuhamisha umiliki, ila magari ya zamani yamesamehewa. Tafuta alama mbili kwenye hati: ya kwamba kilomita si za kweli, na ya kwamba odometa imepita mwisho wake. Hiyo ya pili ni ya magari yenye tarakimu tano, ambayo yakimaliza 99,999 huanza upya.

*Ubelgiji.* Muuzaji wa gari lililotumika anatakiwa akupe cheti cha Car-Pass chenye mlolongo wa kilomita. Asiyekuwa nacho, aeleze kwa nini.

*Japani.* Omba karatasi ya mnada. Kona moja ina daraja, pamoja na mchoro wa gari wenye alama za kila mkwaruzo. Daraja la R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye sehemu ya kilomita angalia kama pana alama inayoonyesha mnada haukuithibitisha namba. Kisha linganisha na cheti cha usafirishaji na ripoti ya ukaguzi wa kabla ya kupakiwa melini. Karatasi za mnada za kughushi zipo nyingi. Itafute wewe mwenyewe kwa namba ya chesisi kupitia huduma ya kulipia, usitegemee ile ya WhatsApp aliyokutumia dalali.

Baada ya hapo panga risiti kwa tarehe na uandike kilomita ya kila moja. Namba zinapaswa kupanda tu. Risiti ya tairi, ya betri, hata ya kupima magurudumu, zote zinafaa, kwa sababu aliyeandika kilomita pale hakuwa na faida ya kudanganya.

*Angalizo:* mihuri kwenye kitabu cha sevisi peke yake haitoshi. Kitabu kipya na muhuri hununuliwa. Ukiona mihuri sita ya miaka sita yenye wino wa rangi moja na mwandiko mmoja, piga simu gereji iliyotajwa uwaulize.

Hatua ya 4: Likague gari lenyewe

Anza na mahali mwili wa dereva unapogusa. Mpira wa pedali ya klachi huisha upande mmoja kabla ya mwingine. Ubavu wa kiti upande wa mlango ndio dereva anaousugua kila akiingia na kutoka. Ngozi hupasuka hapo kwanza. Usukani hung'aa mahali mikono inapokaa. Gari linalodai kilomita 25,000 halitakiwi kuwa na usukani unaong'aa hivyo, na kama lina pedali mpya kabisa na kiti kilichopakwa rangi, jiulize kilichofunikwa ni nini.

Nenda mbele. Bampa na ukingo wa boneti hukusanya alama za vijiwe, na kilomita za barabara kuu huonekana hapo. Rangi safi kama ya kiwandani kwenye gari la kilomita 100,000 ina maana lilipakwa upya, na sababu ya kupakwa upya inatakiwa iwe na risiti.

Soma tarehe ya tairi. Ubavuni pana tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Kama tairi ni za asili na zina miaka 15, huenda kilomita ni chache kweli, ila usiliendeshe hilo gari kwa kasi mpaka zibadilishwe.

Kwenye 911 za miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, gia ndogo ya plastiki ndani ya odometa huvunjika. Spidomita inaendelea kufanya kazi, kilomita zinasimama. Wakati wa kujaribu gari, tazama tarakimu ya mwisho kama inasogea. Wapo waliopita miaka bila kutengeneza, na si kwa kusahau.

Kwa gari la Ghuba, la Dubai au Maskati, kilomita mara nyingi ni chache lakini jua halihesabu kilomita. Kagua ngozi ya dashibodi iliyojikunja, raba za milango zilizokakamaa, na kwenye Ferrari za miaka ya tisini na elfu mbili, vitufe vinavyonata vidoleni.

Hatua ya 5: Soma kompyuta ya injini

Hii ni kwa magari ya kisasa, na Porsche ndizo zinazosema zaidi. Fundi mwenye kifaa chake anatoa ripoti yenye saa ambazo injini imefanya kazi. Gawanya kilomita kwa saa hizo upate mwendo wa wastani.

Mfano: kilomita 60,000 kwa saa 1,300 ni wastani wa kilomita 46 kwa saa. Inaingia akilini. Kilomita 60,000 kwa saa 2,900 ni chini ya 21 kwa saa. Ama gari liliishi kwenye foleni ya mjini, ama mita imechezewa. Muulize mwenye gari aliishi wapi na kazi ilikuwa wapi, uone kama jibu linafanana na hesabu.

Ripoti hiyo hiyo huonyesha injini ilipozidishwa mizunguko. Kuanzia 997 imegawanywa ngazi 6. Ngazi za chini si habari, ni mtu aliyefurahia gari lake. Za juu hutokea dereva akitaka gia ya nne akaingiza ya pili. Zikiwa za karibuni kwa saa za injini, mnunuzi wako wa kesho naye ataziona na atashusha bei, hata odometa iwe ndogo namna gani.

Hatua ya 6: Tengeneza jedwali la bei

Kusanya mauzo ya magari yanayofanana na lako: modeli ile ile, mwaka unaokaribiana, gia za aina ile ile, nchi moja, ndani ya miezi 12 hadi 18. Gia zina uzito mkubwa. Ferrari 360 yenye gia za mkono na ile yenye giaboksi ya F1, isiyo na pedali ya klachi, ni masoko mawili tofauti. Ukiyachanganya, utadhani kilomita ndizo zilizoshusha bei kumbe ni giaboksi.

Tuseme, kwa namba za mfano tu, umepata haya:

- Kilomita 40,000: pauni 24,000
- Kilomita 80,000: pauni 19,500
- Kilomita 120,000: pauni 16,500

Kutoka la kwanza hadi la pili bei imeshuka pauni 4,500 kwa kilomita 40,000, yaani kama 112 kwa kila kilomita 1,000. Kutoka la pili hadi la tatu ni 75 kwa kila 1,000. Mteremko unalegea kadiri namba inavyopanda, na hapo ndipo penye faida yako. Ukipanga kuendesha kilomita 8,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, la 40,000 litapoteza kama pauni 2,700 na la 80,000 kama 1,800. Mwenye nia ya kuendesha anunue la katikati. La kilomita chache mwachie anayetaka kulitazama.

Angalia na vizingiti. Mwaka 2012 wachumi Lacetera, Pope na Sydnor walichapisha uchambuzi wa mauzo ya zaidi ya magari milioni 22 kwenye minada ya Marekani, wakakuta bei hudondoka ghafla kila odometa inapovuka maili 10,000 nyingine. Yalikuwa magari ya kawaida, lakini mnunuzi wa gari la spoti naye huchuja matangazo kwa namba nzima. Kama uko kwenye maili 49,300 na umeamua kuuza, liuze sasa.

Sasa zile kilomita chini ya 500 kwa mwaka ulizowekea alama. Toa kwenye bei gharama ya kuliamsha gari. Mikanda ya taimingi ya Ferrari hubadilishwa kwa miaka, si kwa kilomita peke yake, na kwenye F355 injini hushushwa ndipo mkanda ufikiwe. F40 ina matenki ya mafuta ya mpira ambayo huzeeka hata gari likiwa limesimama. Ongeza tairi, mabomba ya breki, oili zote, sili za mpira za injini zilizokauka. Muuzaji anataka ulipie ukimya wa gari. Mwonyeshe bili yake.

*Angalizo:* usitumie bei ya tangazo lililokaa miezi minane. Hiyo ni bei ambayo soko limeshaikataa.

Hatua ya 7: Tunza ushahidi kuanzia siku ya kwanza

Siku unayokabidhiwa ufunguo, piga picha ya odometa yenye tarehe. Kila risiti iandikwe kilomita. Fundi akisahau, mkumbushe kabla hujalipa. Liendeshe mara kwa mara, injini ifike joto lake kamili. Ukikaa Uingereza, bima ya magari ya aina hii mara nyingi huwa na kikomo cha maili kwa mwaka, na kikomo hicho chenyewe ni karatasi nyingine ya kumwonyesha mnunuzi.

Mambo yakikwama

*Odometa ilibadilishwa.* Si mwisho wa dunia kama kuna risiti yenye tarehe, namba ya zamani na namba ya mpya. Jumlisha, utangaze jumla. Bila risiti, lihesabu kama gari lisilojulikana kilomita zake na ulinganishe bei na ya magari yaliyotembea sana.

*Historia ina pengo la miaka minne.* Omba ushahidi wa gari lilikuwa wapi: bili ya kulihifadhi, barua ya bima, hati ya kulitoa barabarani. Pengo lenye maelezo hushusha bei kidogo. Pengo lenye hadithi tu hushusha sana.

*Muuzaji anakataa fundi wako asilikague.* Ondoka. Usibishane.

*Sipati gari la kulinganisha nalo.* Panua miaka kabla ya kupanua nchi. Kodi na upande wa usukani huvuruga bei za nchi mbalimbali kuliko mwaka wa kutengenezwa.

*Nimepata 22B, ile Impreza adimu ya bodi pana, kwa bei ya Impreza ya kawaida.* Hujaipata. Subaru waliuza 400 Japani mwaka 1998 na chache sana nje, na wenye nazo wanajua walicho nacho. Hiyo ni Impreza iliyovalishwa bodi pana. Namba ya chesisi itakuambia.

*Nataka kulileta nyumbani.* Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Uliza wakala wa forodha kabla ya kulipa hata senti, kwa sababu hapo kilomita si shida yako tena.

*Nimeshanunua, ndipo nikagundua mita imerudishwa.* Kusanya rekodi zote, mwandikie muuzaji, tafuta mwanasheria mapema. Usiliuze kwa mwingine ukanyamaza: Marekani na Uingereza kuuza huku ukijua ni kosa la kisheria. Liuze kwa kusema wazi kwamba kilomita hazijulikani, na uambatanishe karatasi zote. Lina wanunuzi wake: wanaotaka gari la kwenda nalo mbio za uwanjani hawajali namba, wanajali mgandamizo wa silinda na hali ya klachi. Pima hivyo viwili kabla ya kutangaza.